Fundi Anajibu: Tangi la Mafuta ya Kupasha Nyumba Joto Likae Wapi?

Baridi ikianza kunusa tu, barua za matangi zinamiminika. Safari hii tumechukua zinazouliza kitu kimoja, yaani mahali pa kuliweka. Barua tumezifupisha na majina tumeyaacha. Vipimo vingi nitakavyotaja ni vya kanuni za Uingereza, kwa tangi la nyumbani lisilozidi lita 3500, maana vimeandikwa vizuri na vina sababu zinazoeleweka. Nchi yako ikiwa na vyake fuata hivyo.

Fundi habari za kazi. Tumehamia nyumba isiyo na gesi ya bomba, boila, yaani mtambo wa kupasha nyumba joto, inatumia mafuta ya taa, tangi la zamani limekwisha kabisa tunataka kuweka jipya la plastiki la lita 1200. Mume wangu anataka likae ukutani kabisa chini ya dirisha la jikoni, kwa vile boila iko hapohapo ndani so bomba linakuwa fupi. Mi naogopa. Yeye anasema mafuta ya taa sio petroli, hata kiberiti ukikitupia kinazima. Nani yuko sawa?

Dada yangu, shemeji ameshika nusu ya ukweli na hiyo nusu ndo inayompoteza. Ni kweli mafuta ya taa sio petroli. Petroli hata kwenye baridi ya kugandisha maji inatoa mvuke unaoshika moto, wakati mafuta ya taa mpaka yafike joto la nyuzi 38 hivi au zaidi ndo mvuke wake unaweza kuwaka ukipata cheche, na dizeli ya kupashia joto kwa kawaida inataka zaidi ya nyuzi 50. Kwa hiyo tangi lililokaa zake uani siku ya baridi haliamki tu likaunguza nyumba. (Ila hilo jaribio la kiberiti asilifanye. Mafuta hayohayo yakilowa kwenye kitambaa au majani makavu yanawaka vizuri sana, utambi wa chemli unafanya nini kwani.)

Sasa geuza hilo swali. Usiulize tangi litaunguzaje nyumba, uliza nyumba itaunguzaje tangi. Tuseme moto umeanza jikoni, sufuria ya mafuta ya kukaangia au waya, vyovyote. Kitu cha kwanza kupasuka ni kioo cha dirisha, na moto ukipata tundu unatoka nje kwa nguvu na unapanda, na hapo chini ya dirisha kuna plastiki ambayo ikifika nyuzi mia na ishirini na kitu inaanza kuyeyuka, na ndani ya hiyo plastiki kuna lita 1200. Moto ambao wazimamoto wangeumaliza jikoni unakuwa wa nyumba nzima. Ndo maana kanuni zinataka mita 1.8 kati ya tangi na dirisha, mlango, bomba la moshi la boila, na jengo lolote lisilohimili moto, hata kibanda cha mbao cha kuwekea majembe kinahesabika. Wengi wakisoma hiyo mita 1.8 wanadhani inaikinga nyumba na tangi, kumbe hesabu yake kubwa ni kulikinga tangi na nyumba, na ukishaelewa hivyo hata mahali ambapo kanuni iko kimya utajiongeza mwenyewe.

Sasa kama uwanja ni mdogo hamjakosa kabisa. Tangi linaruhusiwa kusogea karibu na ukuta kama huo ukuta ni wa kuhimili moto angalau nusu saa, na hauna dirisha wala mlango wala bomba la moshi ndani ya hiyo mita 1.8, na upenu wa paa hapo juu nao uwe wa kuhimili moto hivyohivyo, sio mbao tupu. Au mjenge ukuta wa tofali katikati ya tangi na nyumba, uzidi tangi kwa sentimita 30 juu na sentimita 30 kila upande. Kwenu chini ya dirisha hapana, hilo halina mjadala, muulizeni fundi kuhusu ukuta wa ubavuni.

Na hiyo hoja ya bomba fupi isiwasumbue, bomba la shaba lenye gamba la plastiki linafukiwa ardhini likaenda mbali tu bila tatizo. Lifukiwe kama sentimita 45 kwenda chini, lilazwe kwenye mchanga sio mawe, na juu yake ipite tepu ya onyo ili atakayekuja kuchimba bustani miaka ijayo aione kabla jembe halijafika. Kitu cha kung'ang'ania zaidi ni valvu ya moto, ile yenye kamba nyembamba ya kuhisi joto inayofika mpaka kwenye kichomeo cha boila. Pale kwenye boila pakipata joto lisilo la kawaida valvu inajifunga yenyewe. Muhimu valvu yenyewe ifungwe NJE, kabla bomba halijaingia ndani, kinachoingia ndani iwe ni ile kamba ya kuhisi tu. Nyumba za zamani utakuta valvu nzima iko ndani pembeni ya boila, hapo ikijifunga kuna kipande kizima cha bomba lenye mafuta kipo ndani ya moto.

Jirani yangu ameweka tangi limegusana kabisa na fensi yetu ya mbao. Nikimwambia anasema ni upande wake. Ana haki?

Upande ni wake ila moto hausomi hati ya kiwanja. Umbali kutoka mpakani ni sentimita 76 kama hapo mpakani hakuna ukuta wa kuhimili moto, na fensi ya mbao haihimili kitu. Fikiria wewe ndo unachoma majani upande wako, au kibanda chako kimeshika moto, fensi inaupeleka moto moja kwa moja kwenye mafuta yake, yaani anayehatarishwa zaidi hapo ni yeye. Mwambie hivyo, kwa upole, watu wanasikia haraka zaidi ukiwaonyesha hasara yao kuliko yako. Mkishindwana iulizeni mamlaka ya ujenzi ya eneo lenu, msianze kurushiana maneno.

Fundi aliyekuja kwangu amesema matofali manne kwenye kona na mbao juu yake inatosha kuwa msingi, maana tangi lenyewe jepesi, tumelibeba watu wawili. Mbona rafiki yangu ametupiwa zege zima? Ameibiwa?

Hajaibiwa, na huyo fundi wako mrudishie matofali yake.

Mlibeba tangi tupu kaka. Mafuta ya taa lita moja ni kama gramu 800, kwa hiyo lita 1000 ni kilo 800, na tangi la lita 2500 likijaa limebeba tani mbili. Tani mbili juu ya matofali manne, kwenye udongo ambao mvua ikinyesha unalainika upande mmoja kuliko mwingine. Kona moja inazama kidogo, tangi linainama, uzito wote unahamia huko, linazama zaidi. Sijaongelea mbao bado, ambayo inaoza ikikaa na unyevu na inawaka ikikauka.

Lakini hata yasipozama, tangi la plastiki halitakiwi kukaa kwenye matofali. Plastiki sio chuma. Chuma kinaweza kuvuka kutoka nguzo hadi nguzo na kikabaki kimenyooka, ndo maana matangi ya chuma utayaona yamekaa juu ya vijiguzo vya tofali na yako salama. Plastiki ikiachwa hewani katikati inalegea taratibu, kila siku kidogo, huwezi kuona kwa macho. Ukitaka kujua kama lako limeshaanza, piga magoti na tochi uangalie pale ukingo wa tofali unapokutana na tumbo la tangi. Rangi ya kijani inakuwa imepauka, kuna kamstari kembamba keupe kanafuata ukingo wa tofali. Pitisha kucha, ukihisi kucha inakwama basi hiyo sio alama tena ni ufa, na uko chini kabisa ya tangi, yaani ukifunguka hakuna mafuta yatakayobaki ndani. Ukikuta hivyo usijaze tena, ita mtu aje ayahamishe.

Msingi unaotakiwa ni zege la unene wa sentimita 10 angalau, au slabu za kutandika zenye unene usiopungua milimita 42 zikiwa zimebanana, lijazwe kifusi kilichoshindiliwa chini yake, pawe sawa pimamaji ikilala hapo isiende kushoto wala kulia. Msingi uzidi tangi sentimita 30 kila upande. Watu wanalalamikia hizo 30 wanasema ni zege la bure, kumbe kazi yake ni kuzuia majani yasiote yakaliegemea tangi, maana majani makavu ndo njia ya moto kupita chini kwa chini.

Tuna kisima nyuma ya nyumba, maji ya kunywa tunayatoa hapo. Tangi liwe mbali kiasi gani?

Hili ndo swali ningependa liulizwe zaidi kuliko yote ya moto, kwa sababu moto ni wa nadra ila mafuta kuvuja ni kila siku. Kwa kisima, chemchemi au bomba la kuvuta maji ya ardhini, kiwango ni mita 50, na kwa mto, ziwa, mfereji au mtaro wa maji ya mvua mita 10. Ukiwa karibu kuliko hapo huambiwi uhame nyumba, ila unalazimika kuweka tangi la kuta mbili, yaani tangi ndani ya tangi, la nje liweze kubeba asilimia 110 ya lile la ndani. La ndani likipasuka lote bado mafuta hayagusi udongo. Mi kwa maoni yangu mtu anayenunua tangi jipya leo asihangaike hata na hayo mahesabu ya mita, achukue la kuta mbili tu amalize, uko karibu na maji au hauko.

Ila mita peke yake zinadanganya. Angalia mteremko. Kama tangi liko juu na kisima kiko chini, hata mita 60 hazinipi usingizi, kwa sababu mafuta yakiingia ardhini yanafuata njia ya maji na maji yanashuka. Halafu angalia mifuniko ya chemba hapo uani, mfuniko mmoja uliolegea pembeni ya tangi unaunganisha ajali yako na mto ulio kilomita mbali. Na kitu ambacho watu wengi hawakijui, mafuta yakikaa kwenye udongo yanaweza kupenya bomba la plastiki la maji ya kunywa, bomba likiwa zima kabisa halina tundu. Unafungua koki maji yananuka mafuta ya taa na hakuna anayeelewa yameingilia wapi. Kwa hiyo kabla hujachimba msingi ujue bomba lako la maji linapita wapi, na usilikalishe tangi juu yake.

Na wewe mwenye kisima, siku ukiona doa la mafuta chini ya tangi usimwagie maji na sabuni, ndo unayasukuma kwenda kisimani. Funga valvu ya tangi, mwaga mchanga juu uyanywe, weka ndoo pale panapodondoka, acha kunywa maji ya kisima mpaka yapimwe, ndo upige simu kwa fundi na watu wa mazingira.

Tangi ni baya jamani, naomba ruhusa nilifunike na maua yanayotambaa.

Ruhusa hauna. Yakikauka ni kuni, yakistawi yanaziba tundu la hewa, na tangi lazima lipumue, lisipopumua wakati wa kujazwa linaweza kuvimba au kupasuka. Weka kijiukuta au wigo, uache sentimita 60 kati yake na tangi ili mtu aweze kupita akalikagua pande zote. Na usiliweke chini ya mti mkubwa kwa ajili ya kivuli, najua jua kali linachakaza plastiki miaka ikienda, ila tawi moja siku ya upepo linafanya kwa dakika moja kazi ambayo jua lingefanya kwa miaka, na mizizi inanyanyua msingi.

Nyumba yetu ina besimenti kubwa haina kazi. Si bora tangi likae ndani halafu tuokoe bustani?

Inawezekana na kuna nchi ni kawaida kabisa, Marekani nyumba nyingi zina tangi la galoni 275 kwenye besimenti, ni kama lita 1040. Huko kanuni inataka tangi liwe angalau futi 5, mita 1.5 hivi, kutoka kwenye moto wa boila au kifaa chochote kinachowaka. Uzuri wa ndani ni kwamba baridi haiyafikii, maana dizeli ya kupashia joto kwenye baridi kali inatengeneza nta na kuziba filta, mafuta ya taa yanastahimili zaidi. Ubaya ni kwamba likivuja limevujia ndani ya nyumba, harufu inaingia kwenye kuta haitoki. Sakafu iwe zege zima isiyo na shimo la kutolea maji chini ya tangi, na bomba la kujazia na la kupumulia yote mawili yatoke mpaka nje. La kupumulia liishie pale dereva anapojazia aweze kulisikia, maana mengi yana kifiluti kinachopiga mluzi hewa ikitoka, mluzi ukikata anajua limejaa anafunga.

Hapohapo niseme jambo moja la kutisha kidogo. Ukija kuliondoa hilo tangi siku moja, labda umehamia gesi au umelitoa nje, ng'oa na bomba la kujazia. Sio kulifunga kifuniko, ling'oe, zibeni tundu la ukutani kwa saruji. Imeshatokea zaidi ya mara moja, tangi limetolewa, bomba limeachwa ukutani, lori la mafuta likakosea nyumba au oda ya zamani haikufutwa, dereva akaunganisha mpira wake kwenye bomba analoliona na akafungua. Mamia ya lita yakaingia besimenti tupu. Kuna nyumba zilibomolewa kwa ajili ya hilo.

Eneo letu hufurika. Nikihakikisha tangi limejaa muda wote halitaelea si ndio?

Mzee wangu, samahani, litaelea. Mafuta ni mepesi kuliko maji. Tangi la lita 1000 likizama lote linasukumwa juu na nguvu ya tani moja ya maji, mafuta yaliyomo yana kilo 800 tu, na plastiki yenyewe haina uzito wa kufidia zinazobaki. Likielea linakata bomba na hapo ndo mafuta yanatoka. Lijaze ndiyo, inasaidia maana tupu ni baya zaidi, ila lazima lifungwe kwa mikanda ya chuma iliyoshikwa kwenye zege, na zege liwe zito vya kutosha lisibebwe pamoja nalo. Lipandishe juu ya kiwango cha mafuriko kama inawezekana, na tundu la hewa na mdomo wa kujazia viwe juu ya hapo. Maji yakitangazwa kuja, funga valvu.

Nimeweka tangi jipya vizuri kabisa nyuma ya gereji, zege safi, mita zote zimetimia, leo dereva wa lori amekuja akakataa kujaza akaondoka. Nimshtaki?

Usimshtaki. Umepima kutoka dirishani, umepima kutoka mpakani, hukupima kutoka barabarani. Mpira wa lori una mwisho wake, kila kampuni na urefu wake, uliza kabla hujamwaga zege. Halafu dereva anatakiwa kuliona tangi wakati anajaza, sio kuacha pampu inakimbia kule mbele huku tangi liko nyuma ya gereji anasikilizia tu, kumwagika kwingi kunatokea dakika hizo. Anataka pia geji inayosomeka na njia ya kupita bila kuburuza mpira juu ya ngazi na maua.

Usibomoe msingi. Muulize fundi kuhusu kuvuta bomba la kujazia mpaka sehemu ambayo lori linafika, lenye kufuli na trei ya kudaka matone, na tangi liwekewe alamu ya kujaa inayolia pale anaposimama dereva. Na umwagize asilijaze mpaka ukingoni, aache kama asilimia 5 ya nafasi. Mafuta yakipata joto yanatanuka, lita 1000 zikipanda nyuzi 20 zinaongezeka karibu lita 20, na kama hazina pa kwenda zitatokea kwenye tundu la hewa.